Mfumo wa FoxPro wa mwaka 2003 bado unauza saruji: je, kosa lake ni uzee?

#1 Mleta uzi (Mwanza)

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Tangu mwaka 2008 ninautunza mfumo wa mauzo na stoo wa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Uliandikwa mwaka 2003 kwa Visual FoxPro, zana ya Microsoft ya kutengenezea kanzidata (hifadhi ya taarifa zilizopangwa kwenye majedwali), na fundi ambaye baadaye alihamia nje ya nchi, nami nikaurithi kama mtu anavyorithi shamba la migomba: sikuipanda, lakini palizi ni juu yangu. Kuna kompyuta sita, moja ikiwa seva iliyowekwa chini ya meza ya mhasibu, na printa ya sindano inayotoa hati za mzigo kwenye karatasi za nakala tatu. Keshia anabonyeza F3, anaandika herufi tatu za mwanzo, na orodha yote ya mabati, geji 28 na geji 30, inafunguka kabla hajainua kidole.

Mwezi uliopita mtoto wa mwenye duka, aliyemaliza shahada ya kompyuta, aliniuliza mbele ya baba yake kwa nini tunategemea teknolojia ambayo mwenyewe, yaani Microsoft, ameshaitupa. Nilianza kujibu, kisha nikagundua kwamba nilikuwa natetea kitumbua changu na si hoja. Kwa hiyo ninalileta swali hilo kwenu: kanzidata kongwe kama hizi zinaweza kweli kushindana na zana za leo, au sisi tunaozitunza tunajidanganya?

Kwa wasiozikuta zama hizo, mwishoni mwa miaka ya 1970 Wayne Ratliff, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko California, aliandika programu ya kanzidata aliyoiita Vulcan, akiwa na nia ya kubashiri matokeo ya mpira wa Marekani pale kazini. Kampuni ya Ashton-Tate ikaiuza kwa jina la dBASE II. Fox Software ya Ohio ikaja na FoxBASE, kisha FoxPro mwaka 1989, zikifuata lugha ileile kwa kasi kubwa zaidi. Microsoft ikaichukua kampuni hiyo mwaka 1992. Toleo la 9 la Visual FoxPro likatoka Desemba 2004. Na Machi 2007 Microsoft ikatangaza kwamba hapatakuwa na toleo la 10. Machi hiyohiyo ndipo M-Pesa ilipozinduliwa Kenya. Sidhani kama kuna aliyeyatazama matukio hayo mawili kwa pamoja wakati ule, lakini mezani kwangu yanakutana kila mteja anaposema amelipa kwa simu. Januari 2015 msaada wa mwisho wa Microsoft kwa FoxPro ukakoma.

Nianze na lawama inayorudiwa sana, ya ukomo wa GB 2 kwa kila faili. Mstari mmoja wa jedwali letu la mauzo una baiti 120. Ukizigawa baiti 2,147,483,648 kwa 120 unapata mistari karibu milioni 17.9. Sisi tunaandika mistari kama 600 kwa siku, na tunafungua siku 312 kwa mwaka, yaani mistari 187,200. Faili hiyo itajaa baada ya miaka 95 hivi, na wakati huo wote tutakuwa tumeshazikwa. Kwa kampuni ya simu ukomo huo ni wa asubuhi moja, lakini kwa duka la mabati haupo. Watu wengi wanaochagua zana huchagua kwa kutazama mzigo wa mtu mwingine.

Pili, kasi ya ile F3 haina uchawi. Faharasa, yaani orodha ya kutafutia rekodi za jedwali, imepangwa tayari, sehemu yake inayotumika mara kwa mara imo katika kumbukumbu ya kompyuta ya keshia mwenyewe, na hakuna safari ya kwenda popote. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa, sisi tuliuza kama kawaida. Jirani yetu, ambaye mfumo wake unaishi kwenye seva za ng'ambo, alirudi kwenye kaunta buku na kalamu, na mauzo ya siku hizo aliyaingiza baadaye usiku kwa kubahatisha mwandiko.

Upande wa pili sitauficha. FoxPro haina seva ya kanzidata. Ile kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu inatoa folda tu, na kila kompyuta ya keshia inaifungua faili yenyewe, inaisoma yenyewe na kuiandika yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, rekodi inaweza kuwa imeingia kwenye jedwali huku faharasa haijapata habari zake, na kesho yake unapokewa na ujumbe kwamba faharasa hailingani na jedwali. Nimeitwa saa moja asubuhi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, wateja wamejaa kaunta na malori yananguruma nje, nijenge faharasa upya. PostgreSQL, kanzidata huria yenye seva yake, na wenzake huandika kwanza badiliko linalokusudiwa kwenye faili maalumu ya kumbukumbu, ndipo hugusa jedwali lenyewe, kama keshia mzoefu anavyoandika kwenye kaunta buku kabla ya kufungua droo. Umeme ukirudi, kanzidata inasoma kumbukumbu yake, inakamilisha kilichokwisha kuthibitishwa na kukiacha kisichothibitishwa. Jambo hilo peke yake, kwa mji unaokatikiwa umeme, lingetosha kunihamisha.

Kuna na suala la siri. Ili keshia auze, lazima apewe ruhusa ya kuandika kwenye folda. Na mwenye ruhusa hiyo anaweza kuinakili faili ya wateja kwenye flashi na kuifungua kwa Excel nyumbani kwake. Mwaka 2003 hilo halikumkosesha mtu usingizi. Baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, linapaswa kumkosesha.

Naomba michango yenu.

#2 Mchangiaji wa Nairobi

Heshima kwako, mleta uzi. Nimesoma kwa makini, lakini naona mizani umeiweka mahali pasipofaa. Umepima kasi ya F3, hukumpima mtu atakayekuja baada yako. Mimi naongoza timu ya watu wanne. Nikitangaza nafasi ya mtu wa Laravel au Django, zana za leo za kujengea mifumo ya wavuti, maombi yanafika kabla ya jioni. Nikitangaza ya FoxPro, nitakayempata atakuwa rika la mzee wangu, naye ataniuliza kwanza kama kuna bima ya matibabu.

Halafu kuna namna ya kufanya kazi kwa pamoja. Fomu za FoxPro, yaani skrini za mfumo, zile faili za .scx na .sct, zenyewe ni majedwali ya .dbf (aina ya faili ambamo dBASE na FoxPro huweka data) yaliyovishwa jina jingine. Ukiziweka kwenye Git, zana ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, inachokiona ni furushi la baiti. Haiwezi kukuambia kwamba jana mwenzako alibadilisha kitufe kimoja na kugusa hesabu ya punguzo. Watu wawili hawawezi kuihariri fomu moja bila mmoja kufuta kazi ya mwenziwe. Kwa hifadhidata ya leo, hata mabadiliko ya majedwali tunayaandika kama msimbo, yanapitiwa na mtu wa pili, na yanaweza kurudishwa nyuma.

Mwisho, lango lolote la malipo la siku hizi linadai TLS 1.2, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, na ujumbe wa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. FoxPro haina Unicode, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, na JSON haikuijua kamwe. Unaweza kuuza saruji bila hayo mawili. Je, unaweza kupokea malipo yake?

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Nairobi, kuhusu Git umenipata, na nitaongeza kwamba kwa miaka mingi Git yangu ilikuwa folda zenye majina ya tarehe. Siku hizi natumia FoxBin2Prg, kifaa kilichotoka kwenye VFPX, jumuiya ya watumiaji wa FoxPro, ambacho huigeuza fomu kuwa maandishi na kuirudisha tena ilivyokuwa. Kinafanya kazi, ingawa ni kigango.

Kuhusu malipo, taarifa za malipo ya simu nazipokea. FoxPro inaweza kukiita kipande cha Windows kiitwacho WinHttp, na hicho ndicho kinachozungumza TLS kwa niaba yake. Kwenye Windows XP ilishindikana kabisa, kwenye Windows 10 inakwenda vizuri. Lakini nakubali kwamba huku ni kuomba moto kwa jirani: siku Windows itakapobadilika, jiko langu litazimika bila mimi kugusa chochote.

Kuhusu mrithi wangu nina la kusema, kwa sababu niliwahi kuwa mrithi. Julai 2009 kodi ya ongezeko la thamani iliposhuka kutoka asilimia 20 hadi 18, nilitafuta 0.20 ndani ya msimbo wote, nikaibadilisha kila ilipokuwa, nikajaribu risiti tatu na kwenda kulala. Baada ya wiki mbili mhasibu akanionyesha kwamba ripoti ya mwezi haikubaliani na risiti. Ilinichukua siku nzima kugundua kwamba niliyemrithi, pale bei ilipokuwa na kodi ndani yake, hakuandika 0.20 popote, alikuwa ameigawa bei kwa 6. Hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa kuwa 20 kwa 120 ni moja ya sita, ila ilikuwa sahihi kwa asilimia 20 tu. Hakuna zana ya kutafuta ambayo ingenionyesha kodi iliyojificha ndani ya tarakimu 6.

Sasa nakuuliza, mkuu: hiyo ilikuwa dhambi ya FoxPro? Mtu yuleyule angeandika gawanya kwa 6 ndani ya Django. Na kijana wako wa Laravel, siku atakapohama, atamwachia mwenzake maswali ya namna hiyohiyo.

Tena zana za leo nazo huzeeka, na huzeeka upesi. Aliyeandika mfumo wake kwa AngularJS, zana ya kujengea kurasa za wavuti, mwaka 2014 alijiona yuko mbele yangu sana. Msaada wa AngularJS ulikoma mwishoni mwa mwaka 2021. Lugha ya Python 2 ilifungwa tarehe 1 Januari 2020. Programu niliyoikusanya kwa toleo la 9 la Visual FoxPro bado inafunguka kwenye Windows 11 bila kubadilishwa herufi.

#4 Mchangiaji wa Eldoret

Naomba nilete mfano wa huku kwetu, kwa sababu mjadala wa maduka unaweza kutufanya tusahau sehemu ambako kanzidata hubeba uhai wa watu.

Kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa mwaka 2001, uliojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ndani yake kulikuwa na Microsoft Access, kanzidata nyingine ya Microsoft. Mpango wa AMPATH ulipoanza kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kazi ya kumbukumbu iliendelea juu ya msingi huohuo, na kwa muda ulibeba. Kisha wagonjwa wakaongezeka kwa kasi, vituo vikaongezeka, na mwaka 2004 wahusika wakaanza kubuni kitu kingine tangu chini. Hicho ndicho OpenMRS, iliyoandikwa kwa lugha ya Java juu ya kanzidata ya MySQL na kuanza kutumika hapa Eldoret mwaka 2006. Ndani yake kuna kamusi ya dhana: hospitali ikianza kutumia kipimo kipya, anayehusika anaongeza neno kwenye kamusi badala ya kumwita mtaalamu aongeze safu kwenye jedwali.

DHIS, mfumo wa takwimu za afya, nayo ilipita njia hiyo. Ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 juu ya Access, kila ofisi ikiwa na nakala yake na taarifa zikisafirishwa kwa faili. Toleo la pili likawa la wavuti, na Kenya ikaliweka nchi nzima mwaka 2011.

Ninachotaka mkione ni wakati walipohama. Hawakuhama kwa sababu Access ilikuwa imezeeka. Mwaka 2004 ilikuwa na miaka 12 tu, na mwenyewe alikuwa hai na akiiuza. Walihama pale ambapo taarifa za mgonjwa mmoja zilitakiwa kuonekana katika vituo vingi. Na bado sitaibeza Access ile. Bila miaka yake mitatu ya mwanzo, hao wabunifu wa OpenMRS wasingejua daktari wa Mosoriot anataka kuona nini kwenye ukurasa wa kwanza.

#5 Mchangiaji wa Tanga

Vijana, mnazungumzia FoxPro kama babu, na mimi hapa nina baba yake mdogo. Mwaka 1994 niliandika programu ya mizani kwa ajili ya shamba moja la mkonge, kwa Clipper. Clipper nayo ilikula faili za .dbf na kuzungumza lugha ya dBASE, ila ilikuwa ya DOS, ya biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa vitu vya namna hiyo, na Windows 11 haina toleo la biti 32 la kukimbilia. Kwa kila hesabu, mimi ndiye niliyepaswa kuzama kwanza.

Sikuzama. Kuna programu huria iitwayo Harbour, iliyoanzishwa mwaka 1999 na watu waliokuwa wakiipenda Clipper, ambayo inaupokea msimbo uleule na kuukusanya upya kwa Windows ya leo au kwa Linux. Kazi ilinichukua majuma mawili, na sehemu kubwa ya majuma hayo iliishia kwenye printa. Mizani inapima, karani anaona skrini ileile ya buluu aliyoizoea, na chini yake kuna Linux ya biti 64. Mkongwe nimevuka, na wewe kijana wa FoxPro umekwama ng'ambo. Tafakari kwa nini.

#6 Mleta uzi

Mzee wangu wa Tanga, shikamoo. Nimelitafakari kwa siku mbili, na ujumbe wako umeniondoa kwenye hoja niliyokuja nayo.

Mwaka 1988 Ashton-Tate iliishitaki Fox Software ikidai kwamba dBASE ni mali yake na Fox wameiiga. Desemba 1990 jaji aliifuta hakimiliki hiyo, kwa sababu kampuni haikueleza kwamba dBASE ilitokana na JPLDIS, programu ya maabara ileile ya Jet Propulsion Laboratory. Miezi michache baadaye jaji huyohuyo akautengua uamuzi wake. Kabla kesi haijafika mwisho, mwaka 1991, Borland ikainunua Ashton-Tate, na serikali ya Marekani ikaukubali ununuzi huo kwa sharti kwamba Borland isidai umiliki wa lugha yenyewe. Tangu hapo lugha ya dBASE imekuwa kama njia ya kijiji: hakuna mwenye kuweka geti. Harbour ilipita humo, na mzee wetu akapita nyuma yake. Mimi nilikwama kwa sababu ya vile Microsoft ilivyoongeza baadaye, yaani fomu, madarasa na mashine ya kuendeshea vyote hivyo, ambavyo msimbo wake anao mwenyewe peke yake. Kuna juhudi kama X#, inayoipokea lugha ya FoxPro upande wa .NET, jukwaa jipya zaidi la Microsoft la kuandikia programu, nami naifuatilia, lakini fomu zangu bado sijazipitisha humo.

Kwa hiyo namjibu mtoto wa mwenye duka namna nyingine. Akiniambia tuhamie PostgreSQL kwa sababu ni mpya, ananiambia niache kitu cha mwaka 1989 nikimbilie cha mwaka 1986, kwani hapo ndipo Michael Stonebraker na wenzake walipoianza POSTGRES huko Berkeley. Lugha ya SQL anayoisifu, ya kuulizia kanzidata, ilibuniwa ndani ya IBM mwaka 1974. Imemzidi kijana huyo umri kwa zaidi ya miaka ishirini. Kama uzee ungekuwa ndio ugonjwa, hivyo viwili vingetangulia kuzikwa. PostgreSQL inashindana hadi leo kwa sababu hakuna kampuni moja inayoweza kukaa kikao cha Machi na kuamua kwamba hapatakuwa na toleo linalofuata.

Lakini faili zangu za .dbf hazina kifungo hicho. Kichwa cha faili kinaanza na baiti 32, kila safu inaelezwa kwa baiti nyingine 32, jina la safu ni herufi 10 zisizozidi, kisha rekodi zinafuatana zikiwa na urefu mmoja kama matofali. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuandika kisomaji chake kwa jioni moja. Hata ramani za shapefile ambazo ofisi nyingi bado hubadilishana zina .dbf ndani yake, na wanaozitumia wengi hawajui kwamba wanaishi na dBASE. Zilizofungwa kwangu ni skrini. Data iko huru.

#7 Mchangiaji wa Dodoma

Kaka, kama data iko huru na skrini ndizo zilizofungwa, kwa nini usizitenganishe? Hamishia majedwali PostgreSQL, acha fomu za FoxPro zizungumze nayo kwa ODBC, lile daraja la kuunganisha programu na kanzidata, kisha ubadilishe skrini moja moja kwa wakati wako. Ofisini kwetu tulifanya hivyo na watumiaji hawakufundishwa upya. Ila nakuonya kuhusu majina ya wateja wako wa huko Usukumani yenye Ng'. Sisi yalitutoa jasho.

#8 Mleta uzi

Dada, ahsante, na onyo lako limekuja nikiwa nimeshaumwa. Nimetumia mwezi mzima kufanya hilo unalolisema kwenye nakala ya mfumo, na nitaandika niliyoyakuta ili mwingine asiyarudie.

La kwanza ni dogo na linachekesha. FoxPro ni ya biti 32, hivyo inataka kiendeshi cha ODBC cha biti 32 hata kama Windows ni ya biti 64, na programu ya kukipangia hicho cha biti 32 imewekwa ndani ya folda iitwayo SysWOW64. Nilipoteza alasiri nzima nikiwa ndani ya ile nyingine.

Nakala ya kwanza ya jedwali la madeni niliisoma kwa kisomaji nilichokiandika mwenyewe. Katika .dbf, rekodi inayofutwa haiondoki. Inawekewa alama ya nyota kwenye baiti yake ya kwanza na kubaki palepale hadi mtu atakapoisafisha faili. Kisomaji changu hakikuitazama baiti hiyo. Madeni yaliyolipwa na kufutwa miaka kumi iliyopita yalifufuka yote, likiwemo la marehemu mmoja ambaye mhasibu alimlilia msibani. Nashukuru ilikuwa nakala.

Tarehe tupu zikafuata. FoxPro inakubali tarehe isiyo na kitu, PostgreSQL inataka ama tarehe ama NULL, alama ya kwamba hakuna thamani, na zilipopita kwenye ODBC zote ziligeuka kuwa tarehe 30 Desemba 1899. Ripoti ya mizigo ambayo haijapokelewa ikadai kwamba misumari ya inchi nne ilifika dukani kabla ya reli kufika Mwanza.

Kilichonisumbua zaidi ni ulinganishi wa maneno. Katika FoxPro, usipoiambia vinginevyo, ukiuliza kama BATI28 ni sawa na BATI inajibu ndiyo, kwa sababu inalinganisha hadi pale neno la kulia linapoishia. Aliyeandika mfumo aliitegemea tabia hiyo kila mahali bila kuitaja popote. PostgreSQL inajibu hapana. Skrini zikafunguka tupu, bila kosa lolote kuonyeshwa, na ilibidi nizipitie moja baada ya nyingine nikijiuliza mwenzangu alikusudia nini.

Na hilo la Ng'. Katika FoxPro neno unaweza kulifunga kwa alama moja ya nukuu, kwa alama mbili au kwa mabano ya mraba, na msimbo wetu ulitumia mabano, kwa hiyo kwa miaka ishirini hakuna mteja wa Ng'w aliyewahi kutusumbua. PostgreSQL hufunga maneno kwa alama moja. Mteja wa kwanza wa majaribio mwenye jina hilo aliikata sentensi ya SQL katikati. Dawa yake si kuongeza alama nyingine. Dawa ni kulipitisha jina kama kigezo, nje ya sentensi, jambo ambalo mkuu wa Nairobi atasema vijana wake hufundishwa mwaka wa kwanza, na hapo sitabishana naye.

Kuhusu F3, mwanzoni ilipoteza kasi yake, maana kila herufi ilikwenda hadi seva na kurudi. Sasa orodha ya bidhaa inaletwa mara moja asubuhi na kukaa kwenye kompyuta ya keshia; bei na salio pekee ndivyo vinavyoulizwa seva pale bidhaa inapochaguliwa.

Jumatatu iliyopita majedwali matatu, la wateja, la madeni na la mapokezi ya mzigo, yalianza kazi rasmi ndani ya PostgreSQL. Jumatano umeme ulikatika mara mbili, saa nne na saa tisa, na Alhamisi asubuhi hakuna aliyenipigia simu. Mtoto wa mwenye duka ameanza kuandika skrini ya kwanza ya wavuti, ya kuangalia madeni kwa simu, na tumekubaliana kwamba jedwali la mauzo halitaguswa hadi hesabu za mwaka zifungwe. Keshia hajaambiwa chochote, na hajauliza.

Kilichobaki ni ripoti za .frx zinazochapwa kwa printa ya sindano kwenye karatasi za nakala tatu. Kila njia mpya niliyoijaribu inazichapa kama picha, polepole, na mistari haiangukii kwenye visanduku. Mzee wa Tanga, majuma yako mawili yaliishia kwenye printa. Naomba utueleze ulitokaje.